Kwa Nini Farasi Hutafuna Lijamu

Nyinyi mnaosoma haya, wengi wenu hamjapata kutiwa chuma kinywani isipokuwa kijiko. Mimi nimetiwa. Nilikuwa kijana, najifunza kazi katika soko la Nizwa, huku Omani, kwa marehemu Fundi Mbarak, na asubuhi hiyo nilikuwa nimesugua lijamu jipya mpaka naona ndevu zangu ndani yake, zile chache nilizokuwa nazo. Nikampelekea nikitarajia sifa. Akaligeuza, akanirudishia.

"Litie mdomoni."

Nikadhani mzaha.

"Litie, bwana. Kama wewe huliwezi, farasi kakukosea nini?"

Nikalitia. Ilikuwa majira ya baridi, na upepo ulikuwa unashuka kutoka majabali ya upande wa Al Hamra. Kile chuma kilinishika ulimi mpaka macho yakanitoka machozi. Nikalitema viganjani. Fundi Mbarak akacheka hadi kilemba kikamlegea.

"Sasa unajua kwa nini tunalipasha mikononi kwanza. Na ladha yake?"

"Kali," nikamwambia.

"Umelisugua kwa nini?"

"Kwa ndimu na majivu."

"Nenda kalioshe tena. Farasi hajakuomba achari."

Kwa wale ambao farasi mmemwona kwenye simu tu: lijamu ni kile chuma kinachopita ndani ya kinywa cha farasi, kikatokeza pande mbili za midomo, na huko ndiko hatamu zinakofungwa. Mpandaji akivuta hatamu, farasi husikia kinywani. Mola kamjaalia farasi pengo la ajabu. Mbele ana meno ya kukatia majani, nyuma ana magego ya kusagia, na katikati pana ufizi mtupu, kama nafasi iliyoachwa makusudi katika mstari wa sala kumngojea mtu aliyechelewa. Chuma hukaa hapo. Kazi yangu yote, Nizwa nilikojifunza na Ibra nilikooa na kuhamia, ilikuwa juu ya pengo lile la upana wa vidole vichache.

Nilifanya kazi za madini ya fedha pia: kipande cha paji la uso, mikufu ya kifuani, njuga. Hizo ndizo watu huzipiga picha. Lakini fedha ni ya macho, na somo hilo nalo nililipata kwa aibu. Bwana harusi mmoja wa Jalan Bani Bu Hassan alitaka lijamu la fedha tupu, chuma asikione. Nikamtengenezea, na Fundi Mbarak akanitazama bila kusema neno, kwa sababu alikuwa mwalimu wa namna hiyo, anakuacha uanguke mahali pasipo na mawe. Baada ya harusi lijamu likarudi. Lilikuwa limepindika na kuchakaa kama muwa uliotafunwa.

"Naona farasi naye kala harusi," akasema Fundi Mbarak.

Siku hizi malijamu huja na posta, ndani ya maboksi yenye karatasi za kupasuka ukizibonyeza, chuma kisichoshika kutu, kiungo cha katikati laini kuliko nilichopata kutengeneza mimi. Silalamiki. Kitu kizuri ni kizuri. Ninachokitafuta ni yule mtu aliyekuwa anakwenda kwanza kumpima farasi mwenyewe. Nitakwambieni namna ya kupima, huenda mmoja wenu akahitaji: chukua kijiti laini, mpitishe farasi kinywani pale penye pengo, tia alama pande zote mbili za midomo, kisha ongeza nafasi ya unene wa kidole. Ukishamfunga, tazama pembe ya mdomo. Ikikunja mkunjo mmoja, kama mtu anayetaka kutabasamu akajizuia, basi umepatia. Ikikunja mingi, unamtesa. Isipokunja kabisa, chuma kinamgonga meno naye atakuchukia kwa haki.

Lakini niliyokaa kuyaandika si hayo. Nataka kukusimulieni juu ya msemo wa Kiingereza ulioingia nyumbani kwangu alasiri moja, nikiwa nimekwisha kustaafu, ukanifanya nianze upya kusoma kazi niliyodhani naijua.

Alasiri hiyo tulikuwa tumekaa barazani, mimi, mke wangu Bi Salma, mwenye asili ya Unguja, na binti yetu Zuwena, ambaye ni daktari wa wanyama na alisomea Uingereza. Kahawa ilikuwa imemiminwa. Akaja Khalfan, kijana wa jirani, mkononi ana lijamu nililomtengenezea marehemu baba yake.

"Shikamoo, babu. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona uso umeukunja hivyo?"

"Ami Hamed kaniambia nije kwako. Anataka umfanyie Sahab lijamu kali. Lenye kuuma."

"Mimi nimestaafu, mwanangu."

"Nilimwambia. Akasema fundi hastaafu, huchoka tu."

Sahab ni farasi wa kijivu, rangi ya wingu lisilo na mvua. Alikuwa wa Salim, baba yake Khalfan. Na ili mwelewe kwa nini kijana alikuwa na uso ule, lazima mjue ardha yetu ya Ibra, maonyesho yetu ya farasi, ilivyo. Farasi hawakimbizani wote kwa pamoja kuona nani wa kwanza. Huja wawili wawili, ubavu kwa ubavu, mbio kamili, na wapandaji wao wameshikana mikono. Mshindi hayupo. Uzuri wote uko katika kwenda sawa: asitangulie huyu, asibaki nyuma yule, na mikono isiachane. Salim na nduguye Hamed walikuwa wakishikana mikono katika ardha tangu ujana wao, na kila walipopita watazamaji walinyamaza. Kisha Salim akaugua, akafa. Khalfan alitaka kitu kimoja tu, ardha ya Idi asimame mahali pa baba yake, juu ya farasi wa baba yake, mkono wake katika mkono wa ami yake.

"Hasimami, babu," akasema. "Namweka kwenye mstari pamoja na farasi wa Ami, anaanza kutafuna. Anatafuna, anatupa kichwa, povu mpaka kifuani. Kabla sijampa ishara keshaondoka. Mkono wa Ami naukosa kila mara. Ami kasema asipotulia kabla ya Idi, atamuuza. Mtu wa Sur keshakuja kumtazama."

Zuwena akaweka kikombe chini. "Champing at the bit," akasema kwa Kiingereza, kisha akajitafsiria mwenyewe. "Anatafuna lijamu. Waingereza husema hivyo juu ya mtu asiye na subira, anayetaka kuanza sasa hivi. Siku yetu ya kwanza ya mazoezi kule chuoni, mwalimu alituambia, 'Naona nyote mnatafuna lijamu.' Mimi nikajishika mdomo."

Nikamwomba aseme tena. Miaka yote ile nimetengeneza malijamu, na hapakuwa na mtu aliyenieleza kwamba ng'ambo kuna taifa zima lililojitia lijamu kinywani katika mazungumzo yake.

"Na nani aliyeanza kusema?" nikamuuliza.

"Hajulikani, baba. Msemo wenyewe umetoka kwenye mabanda na viwanja vya mbio. Farasi amefungwa, ametandikwa, anaona wenzake wanajipanga, na mtu anamzuia. Basi hasira zake anazimalizia kwenye chuma. Anakitafuna kwa kishindo. Ndipo wakamfananisha mtu naye. Neno lenyewe la kutafuna kwa kishindo ni la zamani kwao, siku hizi limebaki karibu katika msemo huo tu. Wengine hulibadilisha kidogo, na wazee wao wanagombana juu yake."

"Wanagombana juu ya kutafuna?"

"Wana nafasi, baba."

Bi Salma alikuwa anamega halwa. "Sisi tunasema fulani roho juu," akasema. "Hakuna chuma wala povu. Roho imepanda, basi."

"Kwa sababu Unguja farasi walikuwa wangapi, Mama Zuwena? Punda ndio tele."

"Ndiyo maana tuna subira. Punda akizuiwa hatafuni lijamu. Hukaa kitako akakungojea wewe."

Tukacheka sote, hata Khalfan kidogo. Lakini mimi jambo lilikuwa limeshaniingia. Nililishika lile lijamu la Sahab, nikawa nalizungusha vidoleni na kahawa yangu ikapoa. Waingereza wamemtazama farasi wakaona haraka. Hamed naye kamtazama, kaona haraka, ndiyo maana anataka chuma cha kumtia adabu. Na mimi niliyemtengenezea chuma chenyewe, je, nimewahi kujiuliza farasi anatafuna kwa nini?

Zuwena na Khalfan walipoondoka nikaenda stoo, nikatoa gunia. Fundi yeyote ana gunia la namna hiyo, vyuma vya zamani alivyobadilishiwa na wateja, ambavyo anasema atavifua upya wala havifui. Nikavimwaga juu ya mkeka barazani.

"Subhanallah," akasema Bi Salma mlangoni. "Umegeuza baraza langu jaa la gereji."

"Nasoma."

"Unasoma nini hapo?"

"Meno."

Kweli nilikuwa nasoma. Chuma cha lijamu ni kigumu, lakini farasi anayekitafuna kwa miaka hukiachia alama, vishimo vidogo, mikwaruzo, mahali palipolainika kama kokoto la wadini linalosuguliwa na maji. Nilikuwa nimeziona alama hizo maisha yangu yote, nikizipita kama mtu apitavyo maandishi ya lugha asiyoijua. Sasa nikavaa miwani, nikayapanga malijamu moja moja. Yalikuwapo yaliyolika katikati tu, taratibu, sawasawa. Nikawakumbuka wenyewe, farasi watulivu, waliokuwa wakitembea huku wanachezesha chuma kwa ulimi kama mzee anayechezesha tasbihi. Hao walikuwa wakitafuna kwa raha zao, haraka hawakuwa nayo. Kisha yakawapo yaliyotobolewa pande zote mbili, kwa nguvu, na hayo yalikuwa ya farasi wa mbio, wale wasioshikika wakiona vumbi la mwenzao. Nikasema, haya, Waingereza wana haki yao hapa.

Halafu nikaweka lijamu la Sahab pembeni ya yale. Lilikuwa limeumwa upande mmoja tu, wa kushoto, karibu kabisa na pete ya hatamu. Alama mpya, kali, zimepandana. Upande wa kulia ulikuwa laini kama siku lilipotoka mkononi mwangu.

Mtu mwenye haraka hawi na haraka ya upande mmoja.

Nikiri kwamba nilichokidhani kwanza kilikuwa kosa: nilidhani ni kile kiungo cha katikati nilichokifua mimi. Nilidhani kimelegea, kinambana ulimi. Nikakipima, nikakivuta, nikakitia mdomoni mwangu mwenyewe kama kijana wa Nizwa, na Bi Salma akanikuta hivyo, akarudi ndani bila kuuliza. Kiungo kilikuwa kizima. Kesho yake nikampigia Zuwena.

"Hebu mtazame kinywani," nikamwambia.

"Nilitaka kukwambia hivyo hivyo," akasema. "Tangu jana msemo ule unanisumbua. Nimeutoa haraka mno."

Tulikwenda bandani kwa Hamed baada ya sala ya alasiri. Hamed ni mtu mrefu, bakora mkononi, amezaliwa Unguja akaja huku mdogo. Akifurahi husema Kiarabu. Mama yake alikuwa akimgombeza kwa Kiswahili, basi hasira zake zote zimebaki katika lugha hiyo.

"Lijamu liko wapi?" akauliza kwa Kiswahili.

"Sijalitengeneza," nikamjibu. "Kwanza daktari amtazame."

"Farasi mgonjwa hatafuni chuma, fundi. Farasi mgonjwa hulala. Huyu ana kiburi. Baba yake huyu kijana alimdekeza, na kijana naye anamdekeza, na mimi ndiye nitakayevunjika bega siku ya Idi mbele za watu."

"Ami, dakika moja tu," akasema Khalfan.

"Dakika moja! Umesikia? Farasi na mwenyewe, wote wawili roho juu."

Zuwena hakubishana. Alimchoma Sahab sindano ya kumtuliza, tukangoja mpaka kichwa kikawa kizito, mdomo wa chini ukaning'inia kama wa mtu aliyesinzia kwenye khutba. Akamfunga kile kifaa cha kupanulia taya, akavaa tochi ya kichwani, akasukuma ulimi pembeni, akaingiza mkono mpaka karibu na kiwiko. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa. Khalfan alikuwa amesimama na mikono nyuma, na kila Zuwena alipovuta pumzi naye alivuta.

"Aa," akasema Zuwena. "Kumbe ni wewe."

"Jino?" nikauliza.

"Ngoja, baba."

Akaomba koleo ndogo. Ikasikika sauti kama ya kitu kinachong'oka kwenye tope. Akatoa mkono, akafungua kiganja, na juu ya glavu, katikati ya damu kidogo na usaha, palikuwa na kokwa la tende.

"Lilikuwa limekwama baina ya magego mawili ya kushoto," akasema. "Ufizi umevimba pembeni yake. Kila likimuuma anasukuma chuma kule kwa ulimi, anauma, anajaribu kulitoa. Angekuwa na kidole angejichokoa."

Hapa kwetu farasi hula tende, hilo si siri. Lakini mtu mwenye akili humtolea kokwa, au humpa zilizopondwa pamoja na majani. Khalfan akaruka.

"Wallahi si mimi! Mimi namtolea kokwa moja moja. Nampa asubuhi baada ya majani, na sahani ya makokwa naiweka pale, daktari, tazama, ile pale."

"Hapana aliyekutuhumu, mwanangu," nikamwambia.

"Nani basi? Mfanyakazi hana ruhusa ya kumpa tende. Mimi ndiye mwenye kumlisha peke yangu tangu baba—"

Hamed alikuwa amesogea. Alilichukua lile kokwa kutoka kiganjani kwa Zuwena, na damu yake, akalitazama. Bakora alikuwa ameiegemeza ukutani, na bila bakora alionekana kama mtu mwingine, mwenye mikono isiyojua pa kukaa.

"Langu hili," akasema.

Khalfan hakuelewa. "Lako vipi, Ami?"

"Nampa mimi. Baada ya alfajiri, nikitoka msikitini. Nyinyi mmelala."

"Lakini wewe unataka kumuuza!"

"Nataka kumuuza, ndiyo." Sauti yake ilikuwa ya chini, Kiswahili kile kile, lakini hasira haikuwamo. "Nikija alfajiri ananinusa mfukoni. Salim alikuwa akimwekea tende mfukoni. Basi na mimi nikaweka. Nikashindwa kusimama pale namtolea kokwa kama anayemmenyea bibi harusi. Nikampa hivyo hivyo, nikaondoka haraka nisionekane. Mchana nikimwona kwenye mstari ubavuni kwangu, halafu nageuka, nakuona wewe juu yake..." Akalitia kokwa mfukoni mwa kanzu yake, likaacha doa.

Zuwena akaosha mikono ndooni, polepole, akiwapa watu muda. Halafu akasema kwa sauti yake ya kazi kwamba ufizi unahitaji kupona, dawa ya kusukutua kila siku, na chuma kisiingie kinywani kwa wiki kadhaa.

"Idi?" akauliza Khalfan.

"Idi ni karibu kuliko hapo."

Kijana akakaa juu ya marobota ya majani. Alikuwa amekuja kutafuta chuma kikali zaidi ili apate siku ile, na sasa alikuwa ameambiwa kwamba chuma chochote kitamnyima. Hamed akachukua bakora yake, akatoka nje. Nikadhani mambo yamekwisha hapo, na kwamba mtu wa Sur atapigiwa simu.

Akarudi kutoka mlangoni. "Fundi. Marehemu babu yangu alipanda kwa rasan tu. Unaweza?"

Rasan ni mkanda unaokaa juu ya pua ya farasi, na hatamu zikafungwa humo. Hakuna kitu kinywani. Unaweza kumwongoza, unaweza kumpunguza mwendo kwa maneno na kwa kukaa vizuri, lakini akiamua kuondoka, mkanda ule ni kama kumshika mtu mzima kwa ncha ya kanzu.

"Naweza kutengeneza," nikasema. "Kupanda si kazi yangu."

"Yeye atapanda," akasema Hamed, bila kumtazama Khalfan. "Au hataki?"

Nikaifanya rasan kwa ngozi laini ya mbuzi, ndani nikaitia sufi ya kusokota ili isimchubue. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza katika miaka mingi isiyokuwa na chuma hata kidogo, na mikono yangu ilikuwa ikitafuta nyundo kila mara kama mvutaji sigara anayetafuta kiberiti. Nikaipima usoni kwa Sahab: vidole viwili chini ya mfupa wa shavu, isishuke zaidi, maana pua ikibanwa chini pumzi inakatika. Andikeni hilo mahali.

Wakafanya mazoezi kila alasiri. Nilikuwa nakwenda kuwatazama nikijifanya naikagua ngozi. Siku za mwanzo Khalfan aliishika hatamu kama kamba ya kuokolewa kisimani, na Sahab akaenda pembeni, akamwacha Hamed ananyoosha mkono hewani. Hamed akawa anamkaripia, Kiswahili kitupu: "Legeza! Humvuti ng'ombe!" Kisha siku moja Khalfan akalegeza, kwa uchovu nadhani, akaanza kuimba tu kwa sauti ndogo yale mahadhi tunayowaimbia farasi, na masikio ya Sahab yakageuka nyuma kumsikiliza. Jioni ile Hamed alisema neno moja la Kiarabu. Zuwena akanibinya mkono.

Siku ya Idi kiwanja kilijaa. Mimi sikukaa na watazamaji. Kwanza nilisimama penye kuanzia nikague mikanda, na Zuwena akawa kando yangu na begi lake. Wakajipanga, farasi mweusi wa Hamed na Sahab wa kijivu, rasan puani, kinywa kitupu kimeshapona vizuri kiasi cha kutafunia majani. Mbele yao jozi nyingine ikaondoka, vumbi likapanda, watu wakapiga kelele. Sahab akauona mwendo wa wenzake. Akatetemeka ngozi ya bega. Na taya yake ikaanza kwenda.

Alikuwa anatafuna. Hapakuwa na chuma kinywani, hapakuwa na kokwa, hapakuwa na kitu chochote ila ulimi wake mwenyewe, na alikuwa anatafuna kwa kishindo, meno yanagongana, povu jeupe pembeni.

Nikamtazama Zuwena, naye ananitazama.

"Baba," akasema, "Waingereza hawakusema uongo."

"Hawakusema uongo," nikamwambia. "Hawakumaliza tu."

Basi, vijana wangu, nimelichukua hilo katika uzee wangu na sijui kama nimelielewa lote. Taya ni ile ile, iwe inafukuza maumivu, inacheza na raha, au inataka kuondoka. Mtu akinijia leo akaniambia fulani hana subira, anatafuna lijamu, huwa nauliza kwanza: upande gani? Wananiona nimezeeka.

Nikakimbia, kama nikimbiavyo mimi siku hizi, mpaka mwisho wa njia ya farasi kwenda kuwapokea. Sikuuona mwanzo wao, niliusikia, kwato za farasi wawili zikawa kama za mmoja. Nilipogeuka walikuwa wanapita, kanzu zimejaa upepo, na baina yao mikono miwili imeshikana, imenyooka kama kamba iliyokazwa sawa. Watu walinyamaza. Sijui kama mmepata kusikia uwanja wa Idi ukinyamaza.

Wakapunguza, wakageuka, wakaja kwangu mwendo wa kutembea, farasi wanapumua kwa nguvu. Nikaishika rasan ya Sahab. Mikono yao ilikuwa bado imeshikana, ingawa ardha ilikuwa imekwisha na jozi nyingine inajiandaa.

"Ami," akasema Khalfan, uso kauinamisha. "Niachie kidogo nifute uso."

"Futa kwa mkono mwingine."

"Mkono mwingine una hatamu."

Hamed alikuwa anatazama mbele, huko kwenye vumbi.

"Basi usifute," akasema.